SOMO LA KAZI ZA MIKONO: KUFUMA SUNGURA MDOGO WA KUCHEZEA KWA KROSHIA



Katika somo hili tutajifunza kufuma sungura mdogo wa mtoto kuchezea, kwa uzi na sindano moja ya kroshia. Somo ni la mtu ambaye hajawahi kushika sindano hiyo hata siku moja. Mwenye kujua tayari asilipite, maana mwishoni tutahesabu jambo ambalo hata mafundi wengi hawalihesabu.

Tumechagua sungura kwa sababu mbili. Kwanza, umbo lake ni jepesi: mipira miwili, masikio mawili marefu, na vipande vichache vidogo. Pili, hakuna mtoto wa Afrika Mashariki asiyemjua. Waganda humwita Wakayima, na katika hadithi zao, kama katika zetu za Kiswahili, ni yule mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili.

KROSHIA NI KAZI GANI?

Sote tumeona vitambaa vya kroshia juu ya viti na meza za majumbani. Kazi hii hufumwa kwa sindano moja yenye ndoano nchani. Kufuma sweta ni kazi nyingine, maana hutumia sindano mbili na vitanzi vingi hukaa juu ya sindano kwa pamoja. Katika kroshia, mfumaji humaliza shono moja kabla ya kuanza lingine, na daima hubakiwa na kitanzi kimoja tu kwenye ndoano. Ndiyo maana kroshia yamfaa anayeanza. Akikosea, hufumua mashono machache na kuendelea. Kazi yote haibomoki.

Iko tofauti nyingine ambayo mfanyakazi wa kiwanda yampasa aijue. Sweta hufumwa na mashine, na kitambaa cha shati hufumwa na mashine. Lakini viwanda vya nguo havina mashine ya kufuma kroshia halisi. Kinachouzwa kwa jina la kroshia ya mashine ni ufumaji wa aina nyingine uliofananishwa nayo. Kwa hiyo ukimwona mnyama wa kroshia dukani, awe ametoka Kampala au ng'ambo, jua kwamba kila shono lake lilipita katika vidole vya mtu. Tukumbuke jambo hilo hadi mwisho wa somo.

Kazi hii imekwisha kulisha watu wakati wa shida. Huko Ireland, njaa kubwa ya viazi ilipoanza mwaka 1845, wanawake wengi walifuma lesi za kroshia na kuziuza ili familia zao zisife njaa. Wajapani nao wanyama wadogo wa kufuma huwaita amigurumi, na jina hilo sasa limeenea duniani. Karibu nasi, huko Njoro nchini Kenya, wanawake wa Kenana Knitters hufuma wanyama wa kuchezea kwa uzi wa sufu ya kondoo, ingawa wao hutumia sindano mbili.

Wapo ndugu wanaume watakaosema hii ni kazi ya wanawake. Tunawauliza: nyavu za wavuvi wa Gaba hutengenezwa na nani zinapopasuka? Na katika viwanda vya nguo, ni wanawake peke yao wanaosimamia mashine? Uzi haujui mwanamume wala mwanamke. Unachojua ni mkono uliotulia.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

1. Sindano ya kroshia ya milimita 3 au 3.5. Kwa uzi mwembamba, fundi wa baiskeli aweza kukukunjia na kukusugulia ncha ya spoki kuukuu iwe ndoano. Ncha isuguliwe mpaka iwe laini kabisa, isikwaruze uzi wala kidole.

2. Uzi wa kufumia wa unene wa kati. Chagua rangi isiyo nyeusi kwa kazi ya kwanza, maana mashono ya uzi mweusi ni shida kuyaona, hasa usiku kwenye taa hafifu. Hapa Kampala uzi hupatikana Kiyembe na katika soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe.

Asiye na fedha ya uzi mpya anunue sweta kuukuu katika mivumba na kulifumua. Kabla ya kununua, geuza sweta na utazame mishono ya ndani. Kama kingo zimekatwa na kupigwa overloki, liache: uzi wake utatoka vipande vifupi vifupi. Kama vipande vimefumwa na kuunganishwa kwa uzi bila kukatwa, litafumuka vizuri. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, uufunge sehemu nne usichanganyike, uufue, kisha uutundike ukiwa umening'inizwa kitu kizito kidogo. Ukikauka, makunyanzi yatakuwa yamepungua.

3. Kitu cha kujazia. Yafaa pamba safi, au mabaki ya nguo yaliyofuliwa na kukatwa vipande vidogo sana. Sufi ya mti wa msufi pia hutumika, lakini hujikunja mabonge inapofuliwa, na hushika moto upesi. Ukijaza pamba au sufi, kaa nje penye hewa na ufunge kitambaa puani. Ndugu zetu wa vinu vya kuchambulia pamba wanajua vumbi la pamba linavyofanya kifuani. Usijaze maharage, mtama wala mchele. Huleta wadudu na ukungu, na mfumo ukiachia mtoto atazimeza.

4. Sindano nene ya kushonea yenye tundu kubwa, mkasi, kipande cha uzi mweusi, na pini au uzi wa rangi nyingine wa kuwekea alama.

Tahadhari mbili kwa walio viwandani. Mabaki ya nyuzi na vitambaa, hata yaliyo sakafuni, ni mali ya kiwanda mpaka utakaporuhusiwa kuyachukua. Omba ruhusa, na ikiwezekana iwe ya maandishi. Konzi moja ya nyuzi isikupotezee kazi yako getini. Pili, usifume kamwe karibu na mashine inayozunguka. Uzi ukinaswa na mkanda wa mashine huvuta na mkono.

MASHONO MANNE YA KUJUA

Tumia siku mbili tatu kujizoeza haya kabla ya kuanza sungura.

Mnyororo. Funga fundo la kitanzi, uliweke kwenye ndoano. Pitisha uzi juu ya ndoano, uuvute ndani ya kitanzi. Huo ni mnyororo mmoja. Fundo lenyewe halihesabiwi.

Shono fupi. Hili ndilo tutakalolitumia karibu kazi yote. Ingiza ndoano chini ya nyuzi zote mbili za juu za shono lililotangulia. Shika uzi kwa ndoano na uuvute utokeze upande wako. Sasa una vitanzi viwili. Shika uzi tena na uuvute kupitia vitanzi vyote viwili. Kimebaki kimoja. Hilo ni shono moja.

Kuongeza. Fuma mashono mafupi mawili ndani ya shono moja la mzunguko wa chini.

Kupunguza. Ingiza ndoano katika shono la kwanza, vuta uzi. Ingiza katika shono linalofuata, vuta uzi. Sasa una vitanzi vitatu. Shika uzi na uuvute kupitia vyote vitatu. Mashono mawili yamekuwa moja.

Kaza uzi kiasi. Ukiunyosha mfumo kwa vidole na kuona matundu, umelegeza mno, na pamba itachungulia. Ukishindwa kuingiza ndoano, umekaza mno. Anayetumia mkono wa kushoto afuate maelezo haya haya. Kazi yake itazunguka upande wa pili tu.

KUFUMA VIPANDE

Tunafuma kwa kuzunguka, bila kufunga mwisho wa kila mzunguko. Kwa hiyo weka pini katika shono la kwanza la kila mzunguko, na uihamishe unapoanza mzunguko mpya. Kila mzunguko ukiisha, hesabu mashono. Namba tulizoandika baada ya alama ya = ni idadi ambayo lazima uipate. Usipoipata, fumua mzunguko huo mmoja tu, ufume tena. Anayesema "nitarekebisha mbele" atapata sungura mwenye kichwa cha upande.

Kichwa
Mzunguko wa 1: Fuma minyororo 2. Katika mnyororo wa pili kuhesabu kutoka kwenye ndoano, fuma mashono mafupi 6, yote humo humo = 6.
Mzunguko wa 2: Ongeza katika kila shono = 12.
Mzunguko wa 3: Shono 1, ongeza 1; rudia mara 6 = 18.
Mzunguko wa 4: Mashono 2, ongeza 1; rudia mara 6 = 24.
Mizunguko ya 5 hadi 9: Shono fupi katika kila shono = 24 kila mzunguko.
Mzunguko wa 10: Mashono 2, punguza 1; rudia mara 6 = 18.
Mzunguko wa 11: Shono 1, punguza 1; rudia mara 6 = 12. Sasa jaza pamba mpaka kichwa kiwe kigumu kama chungwa bivu.
Mzunguko wa 12: Punguza mara 6 = 6. Kata uzi, upitishe katika mashono hayo 6 kwa sindano nene, vuta, funga.

Kufika mzunguko wa 5 kazi itaanza kujikunja kama bakuli. Hakikisha upande mzuri, wenye alama ndogo ndogo za V, uko nje. Kama uko ndani, geuza bakuli.

Mwili
Mizunguko ya 1 hadi 4: Kama kichwa = 6, 12, 18, 24.
Mizunguko ya 5 hadi 8: Shono fupi katika kila shono = 24 kila mzunguko.
Mzunguko wa 9: Mashono 2, punguza 1; rudia mara 6 = 18.
Mizunguko ya 10 na 11: Shono fupi katika kila shono = 18 kila mzunguko.
Mzunguko wa 12: Shono 1, punguza 1; rudia mara 6 = 12. Jaza. Usifunge, acha mdomo wazi na uzi mrefu wa kushonea kichwa.

Masikio, mawili
Mzunguko wa 1 = 6, kama ulivyoanza kichwa.
Mzunguko wa 2: Shono 1, ongeza 1; rudia mara 3 = 9.
Mizunguko ya 3 hadi 8: Shono fupi katika kila shono = 9 kila mzunguko.
Mzunguko wa 9: Shono 1, punguza 1; rudia mara 3 = 6. Usijaze. Libonyeze liwe bapa, acha uzi mrefu.

Mikono, miwili
Mzunguko wa 1 = 6. Mizunguko ya 2 hadi 6: Shono fupi katika kila shono = 6 kila mzunguko. Jaza kidogo nchani tu.

Miguu, miwili
Mzunguko wa 1 = 6. Mzunguko wa 2: Shono 1, ongeza 1; rudia mara 3 = 9. Mizunguko ya 3 hadi 5 = 9 kila mzunguko. Jaza.

Mkia
Mzunguko wa 1 = 6. Mzunguko wa 2: Ongeza katika kila shono = 12. Mzunguko wa 3: Punguza mara 6 = 6. Jaza kidogo.

KUUNGANISHA NA KUTIA SURA

Shona kwanza kichwa juu ya mdomo wa mwili, ukizunguka mara mbili. Shona masikio juu ya kichwa, mikono chini kidogo ya shingo, miguu mbele chini ya mwili, na mkia nyuma. Mkia na miguu vikae usawa mmoja ili sungura aketi bila kuanguka. Kabla ya kushona kila kipande, kishike kwa pini na umtazame sungura kwa mbali. Kila uzi unaobaki uupitishe ndani ya mwili mara mbili tatu kabla ya kuukata. Fundo peke yake huachia.

Macho yadarizi kwa uzi mweusi, kati ya mzunguko wa 7 na wa 8 wa kichwa. Pua nayo idarizi. Hapa tunasema kwa mkazo: sungura wa mtoto aliye chini ya miaka 3 asiwe na kifungo, shanga, wala jicho la plastiki. Mtoto hutia kila kitu kinywani, na kifungo kimoja chaweza kumziba pumzi. Ukimaliza, vuta kila sikio, kila mkono na mkia kwa nguvu zako. Kikitikisika, shona tena. Mtihani huu ufanywe na mtu mzima leo, usiachiwe mtoto kesho.

Kwa uzi wa kati na sindano ya milimita 3.5, sungura wako atakuwa na kimo cha sentimita 11 hivi bila masikio.

SASA TUHESABU

Tumehesabu mashono kila mzunguko. Tuyajumlishe: kichwa 216, mwili 222, masikio mawili 150, mikono miwili 72, miguu miwili 84, mkia 24. Jumla ni mashono 768.

Tuseme anayeanza hufuma mashono 6 kwa dakika. Mashono 768 yatamchukua dakika 128, yaani saa 2 na dakika 8. Ongeza saa nzima ya kujaza, kuunganisha na kudarizi uso. Ongeza na muda wa kufumua alipokosea. Sungura mmoja ni kama saa 4 za kazi.

Akifumwa kwa mtoto wa nyumbani, hesabu inaishia hapo, na malipo ni kicheko chake. Lakini wengi wetu tutafikiri juu ya kuuza, na Kampala ina wanunuzi, mathalani katika vibanda vya kazi za mikono karibu na Jumba la Michezo la Taifa, lililofunguliwa mwaka 1959. Basi tutoe mfano, kwa tarakimu za kujifunzia tu. Uzi na pamba vimekugharimu shilingi 3,000. Mchuuzi anakuja nyumbani, anakupa 7,000, nawe unafurahi kwamba umepata faida ya 4,000. Hiyo si faida. Igawanye kwa saa 4: mchuuzi amekununua kwa shilingi 1,000 kwa saa, na taa iliyowaka usiku umeilipia mwenyewe.

Mchuma chai analipwa kwa kilo, na anajua kwa nini yampasa asimame karibu na mizani. Mfumaji wa nyumbani analipwa kwa kipande, lakini mizani yake haionekani. Mizani yake ni saa. Asipoipima yeye, hakuna atakayempimia. Hata sheria imechelewa: kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na Bunge lilipopitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Kama hesabu ya mwenye mshahara imechukua miaka mingi hivyo, ya mfumaji aliye peke yake chumbani itafanywa na nani?

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, andika katika daftari saa uliyoanza na saa uliyoacha, kwa kila mnyama. Pili, wafumaji wa tawi moja au kambi moja wakubaliane bei ya chini kabisa kabla mchuuzi hajafika, maana akiwakuta mmoja mmoja atawapatanisha kwa bei ya mwenye njaa zaidi. Tatu, nunueni uzi kwa pamoja. Mtu mmoja akienda Kiyembe kwa niaba ya kumi, nauli inalipwa mara moja.

Tusidanganyane, hata hivyo. Kroshia haitachukua nafasi ya mshahara wa haki, wala asiambiwe mtu kwamba akifuma sungura usiku hana haja ya kudai malipo yake ya mchana. Mikono ni ile ile, na saa za kulala ni zile zile. Lakini aliyezoea kuhesabu mashono 24 bila kukosa, na kufumua kwa subira pale yanapotokea 23, hatashindwa kusoma hati yake ya mshahara na kuuliza shilingi iliyopungua imekwenda wapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini twahesabu mashono mwisho wa kila mzunguko badala ya kungoja mwisho wa kazi?
2. Mwanakikundi amefika mzunguko wa 4 wa kichwa akiwa na mashono 22. Amekosea nini, na afanye nini?
3. Taja vitu vitatu visivyofaa kuwekwa katika mnyama wa mtoto mchanga, na sababu ya kila kimoja.
4. Mfumaji hodari hufuma mashono 12 kwa dakika. Atatumia dakika ngapi kwa mashono 768? Je, alipwe nusu ya bei kwa sababu amefanya upesi? Jadilini.
5. Mchuuzi anasema, "Jirani yako ameniuzia kwa 5,000." Kikundi chenu kitamjibuje?